Malisho na ustawi wa ng'ombe wa maziwa: ni mada moja au mbili?

Swali: "Mimi ni afisa mifugo wa kata wilayani Kongwa. Natamani kuanza shahada ya uzamivu kuhusu usimamizi wa malisho na ustawi wa ng'ombe wa maziwa hapa Dodoma. Mwalimu niliyempelekea wazo amesema hizo ni mada mbili, nichague moja. Ninao wafugaji 12 waliokwisha kukubali, jumla ng'ombe 60 chotara wanaokamuliwa. Nusu ya wafugaji wanachunga, nusu wanafugia ndani. Je, mwalimu yuko sahihi? Na ng'ombe 60 wanatosha?"

Jibu:

Dada, nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloangusha maandiko mengi: huna ng'ombe 60, una wafugaji 12.

Ng'ombe watano wa boma moja wanakula hori moja, wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanachungwa na kijana yuleyule. Mmoja akichechemea kwa sababu ya sakafu mbovu, wenzake wamesimama juu ya sakafu hiyohiyo. Unachotaka kulinganisha ni namna ya kutunza malisho, na jambo hilo huamuliwa na mfugaji, si na ng'ombe. Kwa hiyo kizio chako cha utafiti ni boma. Ukiwaingiza wote 60 kwenye hesabu kana kwamba ni mashahidi 60 wasiojuana, kompyuta itakupa matokeo ya kupendeza sana, na mtahini wa nje atayabomoa kwa swali moja. Tumia modeli inayotambua kwamba ng'ombe yumo ndani ya boma, na kwamba ng'ombe huyohuyo umempima zaidi ya mara moja. Hilo mtakwimu yeyote mzuri atakusaidia, mradi umwone kabla ya kukusanya takwimu. Ukimwendea baadaye, anabaki kukupa pole.

Liko na tatizo kubwa zaidi ya idadi. Hao sita wanaofugia ndani hawakupangwa na wewe, walijipanga wenyewe. Katika Dodoma ya leo anayefungia ng'ombe ndani mara nyingi ni mtu wa mjini au pembezoni mwa mji, ambaye malisho ya jirani yamekwisha kupimwa viwanja, ana mshahara au duka, na ananunua mashudu ya alizeti na marobota ya nyasi. Anayechunga ana eneo lakini hana fedha taslimu. Ukikuta ng'ombe wa ndani wamenona kuliko wa nje, utakuwa umepima nini? Pengine umepima mfuko wa mwenye ng'ombe. Hakuna hesabu itakayokuokoa hapo kwa maboma 12.

Ninavyoona mimi, wale sita wa ndani wabaki kama kundi la kuelezea tu, la sura ya kwanza ya tasnifu. Nguvu zako zipeleke kwa wanaochunga, na uongeze wengine wafike 16 hata 20. Kisha kila boma lilinganishwe na lenyewe. Nitakuambia namna gani, lakini kwanza nimjibu mwalimu wako.

Yuko sahihi nusu. Nchini kwetu mambo haya mawili yana hata sheria mbili tofauti: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Wanaofundisha malisho na wanaofundisha ustawi wamekaa idara mbalimbali, na ukiandika sura tatu za nyasi halafu sura tatu za ng'ombe, utakuwa kweli umeandika tasnifu mbili nyembamba zilizoshonwa pamoja. Mtahini wa nyasi atasema hujafika, na wa ng'ombe atasema vilevile.

Lakini angalia historia ya mkoa wetu wenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, kiasi cha kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipona, nyasi na miti vilirudi kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki mifupa. Baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kurudi, kwa sharti la kufugiwa ndani na kukatiwa majani. Ni uamuzi wa usimamizi wa malisho, tena uliofanikiwa kwa upande wa ardhi. Sasa muulize mwalimu wako: huo haukuwa pia uamuzi kuhusu maisha ya ng'ombe? Kuanzia siku hiyo ilibadilika saa anayolala, anachosimama juu yake, nani anamletea maji, anatembea kiasi gani. Kila mara mtu anapoamua wapi pachungwe, lini pafungwe na mifugo wangapi waingie, amempangia ng'ombe siku yake kuanzia alfajiri hadi usiku. Hapo ndipo mada zako mbili zinapokutana, na ndipo pa kusimamisha swali lako: siku ya ng'ombe.

Siku hiyo kwetu iko hivi. Anakamuliwa alfajiri, anatolewa zizini saa mbili au saa tatu jua likiwa limekwisha kuchomoza, anarudishwa kabla ya giza. Ng'ombe anahitaji muda wa saa 6 hadi 10 za kula majani, saa 6 hadi 8 za kucheua, na saa 10 hadi 12 za kulala chini, ambamo sehemu kubwa ya kucheua hufanyika. Mwezi wa Machi, nyasi zikiwa tele karibu na boma, hesabu hiyo inaingia. Mwezi wa Oktoba malisho yako mbali, maji yako upande mwingine, na sehemu ya mchana inaliwa na safari. Jioni anaingia zizini na njaa, na mara nyingi hakuna kinachomsubiri ndani. Kuna kazi ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, iliyochapishwa mwaka 2017 na Marina von Keyserlingk, Dan Weary na wenzao: waliweka mlango mzito ambao ng'ombe alipaswa kuusukuma ili afike malishoni, na ng'ombe wakausukuma kwa nguvu sawa na walivyosukuma kufikia chakula kipya. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba wakati wa joto ng'ombe walipenda kutoka nje usiku zaidi kuliko mchana. Wa kwetu nadhani wangechagua hivyohivyo kama si fisi na wezi. Usichukue matokeo ya Kanada ukayapanda Kongwa. Chukua namna ya kuuliza.

Basi swali lako liwe moja, kwa mfano: je, kutenga sehemu ya malisho na kuipumzisha tangu katikati ya mvua kunabadilisha siku na hali ya ng'ombe anayekamuliwa mwishoni mwa kiangazi? Wasukuma wana ngitili, Wamasai wana alalili. Wazo la kufunga malisho yakasubiri kiangazi si geni kwa mfugaji yeyote utakayekutana naye. Jipya litakuwa kumpima ng'ombe badala ya kupima nyasi peke yake.

Mpango wenyewe: kila mfugaji atenge eneo lake na kulifunga kuanzia Februari. Nusu ya wafugaji, waliochaguliwa kwa kura, wafungulie eneo hilo Agosti na Septemba, kisha walifunge na kurudi kwenye uchungaji wa kawaida Oktoba na Novemba. Nusu nyingine wafanye kinyume. Hivyo kila boma linapata vipindi vyote viwili, na kila kipindi kina maboma ya aina zote mbili, kwa hiyo ukali wa Oktoba hauwezi kujifanya ni athari ya malisho. Wiki mbili za mwanzo za kila kipindi usizihesabu, maana tumbo la ng'ombe linahitaji muda kuzoea chakula. Na kuna faida ambayo kamati ya maadili itaipenda: hakuna mfugaji anayenyimwa. Mtu aliyekupa ng'ombe wake, ukamwambia kuwa yeye ni kundi la kulinganishia na hatapata kitu, mwaka wa pili hutamkuta nyumbani.

Upande wa nyasi usijitese. Fremu ya nusu mita kwa nusu mita, mundu, mifuko ya karatasi, mizani na tanuri la kukaushia vinatosha. Kata sampuli kwenye mistari uliyoipanga kabla ya kufika, si pale macho yanapovutwa. Tuseme wastani wako ni gramu 40 za majani makavu kwa kila fremu. Fremu ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo hekta moja ina kilo 1,600. Acha nusu ardhini ili shina lisife na udongo usibaki wazi. Zimebaki kilo 800. Chotara wa kilo 350 anakula karibu kilo 10 za majani makavu kwa siku, basi hekta hiyo inamlisha siku 80. Kiangazi chetu ni miezi saba, tangu Mei hadi Novemba, yaani siku zaidi ya 210. Mwenye ng'ombe watano anayetaka wote waishi kwa malisho yaliyotengwa tu atahitaji zaidi ya hekta 13. Hesabu hii ifanye mbele ya mfugaji, kwa kijiti mchangani ikibidi. Wengi wataamua papo hapo kwamba eneo lililotengwa ni la anayekamuliwa na mwenye mimba kubwa tu, na wengine wataanza kuuliza bei ya mtamba asiyeshika mimba.

Wingi wa nyasi lakini si ubora. Nyasi za kiangazi zilizosimama zikikauka, protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyuzi vinakosa cha kujijengea. Ng'ombe anakuwa na tumbo limejaa na mwili unaokwisha. Kwa hiyo peleka sampuli maabara, na weka kwenye daftari kila anachoongezewa: mashudu, pumba, majani ya lukina (mti wa malisho), mabua ya mtama. Mashudu hasa. Kama mfugaji anaongeza mashudu wiki ile ile anayofunga malisho, utafiti wako umeingiliwa, na usipouliza hatakuambia, maana yeye haoni kama ni siri. Uliza pia mashudu na pumba vimehifadhiwaje. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mkoani kwetu na Manyara, na sumu hiyo ng'ombe akiila sehemu yake inatoka kwenye maziwa.

Sasa ustawi, ambao ndio utakaokupa tabu, na ndio sehemu ninayoipenda. Wengi wanakimbilia lita za maziwa. Maziwa yaandike, ni muhimu kwa mfugaji, lakini usiyaite ustawi. Chotara mwenye damu kubwa ya kizungu anaweza kukupa lita nyingi kwa wiki kadhaa huku akiyatoa mgongoni mwake. Ukipima ndoo tu utasema yuko vizuri. Ng'ombe wa Mpwapwa, aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti pale Mpwapwa kwa kuchanganya damu za Asia, za Afrika Mashariki na za Ulaya, atatoa kidogo na pengine atamaliza kiangazi akiwa na mwili wake. Nani ana hali njema? Lita hazijibu swali hilo.

Anza na hali ya mwili, alama 1 hadi 5, kwa kushika mbavu, nyonga na shina la mkia kwa mkono, si kwa kutazama kutoka kwenye pikipiki. Alama ya siku moja haina maana kubwa. Mabadiliko ya ng'ombe yuleyule kutoka Julai hadi Novemba ndiyo yanayosema. Kuchechemea kuna alama 1 hadi 5 pia, mtazame akitembea mahali tambarare na uangalie mgongo unavyopinda. Majeraha ya magoti, ya shingo na ya kamba mguuni. Kupe, kwa kuhesabu maeneo maalumu ya mwili kila mara, pamoja na tarehe ya josho la mwisho. Kiwele kwa CMT, kipimo cha maziwa kinachoonyesha ugonjwa wa kiwele uliojificha, robo kwa robo.

Kisha pima woga. Simama mita mbili mbele ya ng'ombe aliye horini, nyoosha mkono, msogelee hatua moja kwa sekunde, andika umbali kati ya mkono wako na pua yake pale anaporudi nyuma. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kinakueleza kijana anayechunga anatumia nini kuwaongoza kuliko atakavyokueleza yeye mwenyewe. Kwangu hiki kina thamani kuliko homoni za msongo. Kama una fedha za homoni, sawa, lakini kumkamata ng'ombe kwa nguvu umtoe damu ili upime kama ana msongo ni kujipa jibu kwa mkono wako.

Muda wa kulala na kusimama upate kwa kihisi mwendo kinachofungwa mguu wa nyuma. Huhitaji kwa wote. Vichache vinavyozunguka vinatosha, siku tano au sita kila ng'ombe. Mahali ambapo kihisi hakuna, msaidizi aliyefunzwa na saa mkononi anafaa, akiandika kila baada ya dakika kumi: anakula, anatembea, amesimama, amelala, anacheua. Wasaidizi wawili wawapime ng'ombe walewale siku ileile kabla ya kuanza, ulinganishe alama zao, na urudie katikati ya kazi. Na msaidizi asijue eneo lililotengwa limefunguliwa kwa nani, pale inapowezekana. Kijijini ni vigumu, kila mtu anajua kila kitu, ila jaribu.

Joto ni sura yake peke yake. Kipimo cha joto na unyevu kinachotumika duniani huweka mpaka kwenye 72 kwa ng'ombe wa maziwa. Mchana wa nyuzi 31 na unyevu asilimia 35, ambao kwetu Oktoba si wa ajabu, unakupa karibu 77. Ukiishia hapo utaandika kwamba Dodoma nzima ni jehanamu ya ng'ombe. Lakini mpaka ule ulipimwa kwa Friziani wa nchi nyingine, hauhesabu upepo wetu wala jua la moja kwa moja, na usiku wetu hupoa kiasi cha ng'ombe kutoa joto alilokusanya mchana. Tundika vipima joto zizini na malishoni, hesabu pumzi kwa dakika saa nane mchana na tena alfajiri, uone kama anaamka amepoa. Kisha tazama kivuli. Eneo lililotengwa likiwa na mibuyu na migunga miwili mitatu ni malisho tofauti na lisilo na mti, hata kama kilo za nyasi ni zilezile. Nadhani hapo ndipo utakapopata matokeo yatakayomshangaza mwalimu wako.

Na maji. Anayekamuliwa anaweza kuhitaji lita 60 au zaidi kwa siku ya joto. Visima vingi vya mkoa huu vina chumvi, nawe unajua kwa kuonja. Pima: yakizidi miligramu 5,000 za chumvi kwa lita si ya kumpa ng'ombe anayekamuliwa au mwenye mimba. Andika pia anakunywa mara ngapi na anatembea umbali gani kuyafikia, maana malisho mazuri yaliyo mbali na maji huliwa nusu yake tu.

Kuhusu vibali sina mengi. Barua ya chuo, kamati ya maadili ya wanyama, kisha mkoa, wilaya, kata, kijiji. Wewe ni mtumishi, njia unaijua. Ila kwenye andiko tamka mapema utafanya nini ukimkuta ng'ombe mgonjwa. Wewe ni afisa mifugo, mfugaji atakuita usiku. Mtibu, umwandike, na kama dawa imebadilisha hali yake mtoe kwenye hesabu za kipindi hicho. Usimwache aumwe ili takwimu zikae vizuri. Na kwa sababu maboma mengine yako kwenye kata unayoihudumia, mwambie msimamizi waziwazi; ni bora sehemu kubwa ya maboma iwe nje ya kata yako, kwa kuwa mfugaji anayekutegemea kwa chanjo hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Kwa msimamizi, omba wawili: mmoja wa malisho, mmoja wa ustawi au tabia za wanyama. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu wa nyasi na wa mifugo, na vituo vya TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, vya Mpwapwa na Kongwa viko jirani yako kabisa. Nenda kwao ukiwa na kurasa tatu tu: swali moja, ramani ya maboma, na jedwali la vipindi.

Kalenda ndiyo itakayokubana. Maeneo lazima yafungwe Februari, na kabla ya hapo wafugaji wawe wamekubaliana na majirani zao, maana eneo lisilo na makubaliano litaliwa usiku mmoja. Rudi nyuma miezi mitatu ya vikao vya vijiji, na mitatu ya vibali. Maana yake andiko liwe limepita kufikia Agosti. Likichelewa, usifunge maeneo Aprili kwa haraka, mvua ikiwa inaaga. Mwaka huo tumia kupima hali ilivyo bila kubadilisha chochote, Machi, Julai na Oktoba, kwa maboma yote pamoja na yale ya ndani. Hiyo ndiyo sura yako ya kwanza, na maeneo yafungwe Februari inayofuata.